Kabla hujazikata hizo springi

Swahiba wangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi wazima, ila kazi zinatubana. Ujumbe wako wa kutaka kulishusha gari nimeupata na picha yake nimeiona. Kweli, pengo kati ya tairi na madigadi ni kubwa, limekaa kama mtu aliyekunja suruali avuke mto. Kwa hiyo sikuandikii kukukataza kulishusha. Mimi mwenyewe gari lililolala kidogo hunipendeza, na likishushwa sawasawa hutulia zaidi barabarani. Ninachokipinga ni hiyo rai ya fundi wako ya kukata mzunguko mmoja na nusu kwa kila springi, eti mambo yamekwisha. Hapo ndiyo kwanza yanaanza.

Watu wengi hudhani springi ikikatwa inakuwa laini. Sivyo, inakuwa ngumu zaidi. Ugumu wake hutokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Mizunguko ikipungua, waya uliobaki wa kujipinda ni mfupi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukitoa 1, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Fundi atakuambia ndiyo vizuri, gari la chini linataka springi ngumu. Hapo kasema kweli, tabu ni kwamba hiyo nyongeza haitoshi. Tuseme gurudumu lako lina milimita 80 za kupanda kabla ya kugota kwenye ule mpira wa ndani unaopokea kishindo. Ukilishusha gari milimita 40, nafasi imebaki nusu, ilhali ugumu umeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu. Shimo lilelile ambalo springi ilikuwa ikilimeza bila wewe kujua, sasa linafika hadi kwenye mpira, na mpira ukishabanwa kishindo chote kinapanda kwenye kichwa cha shokapu, kwenye bodi na mgongoni kwako. Likitokea hilo katikati ya kona ni balaa zaidi: upande uliolemewa unakuwa mgumu ghafla na tairi linaweza kuteleza hapohapo.

Halafu itazame ncha ya springi kabla haijaguswa. Imetengenezwa ilale vizuri kwenye kikalio chake. Nyingine mzunguko wa mwisho umekunjwa mdogo kabisa kwa ajili hiyo. Ukiikata unabaki na ncha iliyokwenda mshazari, inayogusa mahali pamoja tu. Niliwahi kuiona moja gari likiwa juu ya jeki. Ncha ilikuwa imekwangua rangi ya kikalio mpaka chuma kinang'aa, na kwa kuwa gurudumu lilikuwa linaning'inia, springi ilikuwa imelegea kiasi kwamba unaizungusha kwa vidole viwili. Gari la namna hiyo likiruka tuta, springi inaweza kurudi mahali pake au isirudi.

Na akitaka kuikata kwa gesi, mwambie hapana. Chuma cha springi hupashwa na kupozwa kwa vipimo kiwandani, na moto wa gesi unauvuruga ugumu huo pale ulipogusa, mwishowe springi inalegea au inakatika. Kuna hata wanaoipasha moto ikiwa ndani ya gari mpaka gari lishuke lenyewe! Huyo akija na mtungi wake, mfungie geti.

Mimi ningenunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako, za kushusha milimita 25 au 30 basi. Ugumu wake umepangwa kulingana na ule ufupi, ncha zake zinakaa, na gurudumu likining'inia bado springi imebanwa. Shokapu usizisahau. Kama za sasa zimechoka, springi ngumu itazimaliza, na gari litadundadunda. Baada ya hapo ni alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mwelekeo wa magurudumu, na hili halina mjadala, kwa sababu gari likishuka pembe ya tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu la mbele, inabadilika na magurudumu hayaelekei tena yalikokuwa yanaelekea. Tairi la gari lililorukwa hatua hii ukilitazama kwa nje utasema jipya. Pitisha mkono upande wa ndani, unakutana na nyuzi. Taa za mbele nazo zipimwe upya.

Kuhusu kushuka zaidi ya hapo, najua utaniuliza. Gari lako mbele lina mfumo wa MacPherson, ambao springi na shokapu zimefungwa pamoja kama nguzo moja, na chini kuna mkono unaoshika gurudumu. Ukilishusha mno, mkono huo wa chini unapinduka, ncha yake ya upande wa gurudumu inakuwa juu kuliko ya upande wa bodi, na kile kitovu ambacho bodi linayumbia kinashuka haraka kuliko bodi lenyewe. Unaishia na gari la chini ambalo kwenye kona linataka kulala kuliko lilivyokuwa mwanzo.

Liko jambo moja ambalo nadhani fundi hajakutajia. Magari mengi ya zamani yana vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo ndogo. Inapima mzigo kwa kuangalia nafasi iliyopo kati ya bodi na ekseli. Ukishusha nyuma, vali inadhani umejaza buti, inapeleka nguvu zaidi breki za nyuma, na ukikanyaga kwa dharura magurudumu ya nyuma yanakwama kabla ya yale ya mbele. Gari linageuka. Ikiwepo, lazima irekebishwe upya.

Kufungua pia kuna namna yake. Springi ya mbele yenye ugumu wa nyutoni 25 kwa kila milimita, ikiwa imebanwa milimita 150, inasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 380 hivi. Nati ya juu ya shokapu isifunguliwe kabla springi haijakamatwa na vibanio viwili vizima, na wewe usisimame mbele yake.

Kesho asubuhi ingia chini ya gari, unipigie picha ya ekseli ya nyuma, nione kama hiyo fimbo ipo. Fundi asiguse kitu mpaka nikujibu.

Wasalimie wote.

Wako,
Rafiki yako wa siku zote