Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafunzo ya Walimu Kuhusu Tamaduni za Waarabu na za Waislamu

Ndugu wanachama,

Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu kazi moja: kuwaandaa walimu wa Historia, Uraia na Kiswahili wafundishe kuhusu tamaduni za Waarabu na za Waislamu bila kubahatisha. Mambo ya fedha nimeyaweka mwishoni, tena kwa ufupi, kwa kuwa mweka hazina ameshawagawia hesabu zenyewe.

Katika nchi za mbali, mwalimu wa somo hili hupata taabu kwa sababu ya ugeni. Kwetu taabu inatokana na mazoea. Mwalimu wa pwani huamshwa na adhana, huhesabu sita, saba na tisa kwa maneno ya Kiarabu, hula pilau ya Maulidi kwa jirani, kisha huingia darasani bila kufungua kitabu. Mwenzake wa bara anaijua habari ya misafara ya watumwa, na mara nyingi hiyo tu. Kila mmoja ana kipande na anadhani ameshika kitu kizima. Mafunzo yetu yamepangwa kuwatoa walimu kwenye vipande hivyo, na ndiyo maana hatukuyajaza mihadhara.

Semina ya siku moja tumeiacha. Ratiba husema saa mbili asubuhi, mgeni rasmi akafika saa nne, hotuba ikaenda hadi chai, na kazi ikabaki kufanyika katika saa mbili za mwisho huku watu wakiwaza usafiri. Sasa semina ni ya siku tatu wakati wa likizo ya Juni au Desemba, saa sita kwa siku, washiriki wasiozidi 24, waliogawanywa katika meza sita za watu wanne. Wakizidi hapo, mwezeshaji hawezi kusoma maandalio ya somo ya kila mtu, na andalio ndilo tunalolipima. Ufunguzi ni dakika kumi. Mgeni rasmi akichelewa, tutamkaribisha wakati wa kufunga.

Siku ya kwanza ni ya maneno. Tunaanza na siku za wiki kwa sababu kila mtu anazijua na hakuna aliyezitazama. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano, ambayo ni ya tano kwa hesabu ya Kibantu. Inayofuata ni Alhamisi, nayo maana yake ni ya tano, kwa hesabu ya Waarabu inayoanzia Jumapili. Wiki moja ina siku mbili za tano. Kwa dakika 15 tu washiriki wanaona jinsi lugha ilivyopokea bila kuacha cha kwake, na wanaacha kusema kwamba Kiswahili ni “mchanganyiko wa Kiarabu na Kibantu”, kauli ambayo bado inaandikwa kwenye mbao za madarasa. Maneno yamekopwa kwa wingi. Sarufi, yaani ngeli, viambishi na upatanisho wake, ni ya Kibantu. Na si kila mkopo ni wa Kiarabu: bandari na Nairuzi (sikukuu ya mwaka mpya) asili yake ni Kiajemi.

Baada ya hapo kila meza hupewa kadi 12 na karatasi ya manila yenye safu tatu: lugha, dini, nchi. Kadi moja ni Mkopti wa Misri, nyingine Mmaroni wa Lebanoni, nyingine Mturuki, Mwajemi, Mwindonesia, Msomali, Mngazija (mtu wa kisiwa cha Ngazija, Komoro). Hapa ndipo kelele huanza. Mkopti na Mmaroni ni Wakristo, na katika Biblia ya Kiarabu Mungu huitwa Allah. Indonesia ina Waislamu wengi kuliko nchi yoyote ya Kiarabu. Umoja wa Nchi za Kiarabu una wanachama 22, nao ni pamoja na Somalia tangu 1974, Jibuti tangu 1977 na Komoro tangu 1993. Sasa Mngazija, ambaye lugha yake ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, aandikwe wapi? Wawezeshaji wameelekezwa wasitoe jibu. Meza ikishindwa kumweka kwenye safu moja, imejifunza kilichokusudiwa.

Kadi zinazokosewa zaidi ni za mavazi na za madhehebu. Kanzu huandikwa “Uislamu” bila kufikiri, mpaka mtu akumbushwe kwamba Waganda Wakristo huivaa kanzu kwenye kwanjula, sherehe yao ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Na “Waarabu wa pwani” hufanywa kundi moja, ilhali Waomani wengi walikuwa Ibadhi, Washihiri waliotoka Hadhramaut ni Sunni wa madhehebu ya Shafii kama Waislamu wengi wa pwani, na masultani wa Zanzibar wakitawala raia ambao kwa wingi wao hawakuwa wa madhehebu yao. Ongeza Bohora, Ismailia na Ithnaashari waliokuja kutoka Bara Hindi, ambao ni Waislamu na si Waarabu kabisa. Mwalimu asiyejua haya hataelewa hata majina ya misikiti ya mjini kwake.

Neno moja tumelibadilisha kwenye makabrasha yote. Zamani tuliandika “ustaarabu wa Kiislamu”. Ustaarabu limetokana na kuwa kama Mwarabu, na likazoeleka kwa maana ya kuelimika na kuwa na adabu. Ukilitumia katika somo hili hili, umeshatoa hukumu kabla ya mwanafunzi kusikia lolote. Sasa tunaandika “utamaduni”. Mwanachama mmoja amenikumbusha kwamba nalo ni la Kiarabu. Ni kweli, lakini asili yake ni mji, si kabila. Kwa kuwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, uchaguzi wa maneno wa namna hii si anasa.

Siku ya pili ni ya mikono: mwandiko, kalenda na ruwaza. Mwandiko una herufi 28, huenda kulia kwenda kushoto, na herufi sita (alifu, dali, dhali, ra, za, wau) haziungani na inayofuata. Mambo mawili huharibika. La kwanza ni mabango. Programu nyingi za kompyuta, zisipowekewa lugha ya Kiarabu, huzitenganisha herufi na kuzigeuza kutoka kushoto, na shule inatundika ukutani kitu ambacho hakisomeki. Kabla ya kuchapisha, mpe asomaye Kiarabu aone nakala iliyochapwa, si iliyo kwenye skrini. La pili ni aya. Mwalimu huchagua Bismillahi iwe zoezi la mwandiko, anatoa nakala 60, na wiki ijayo karatasi zimefungia maandazi. Kwa Muislamu hilo ni jambo zito. Tumieni majina ya miji: Kilwa, Lamu, Maskati. Kwa kuandika majina ya namna hii mwanafunzi hugundua pia kwamba mwandiko wa Kiarabu unaonyesha wazi i, u na a, lakini haukuwa na alama ya e wala o, na haukuwa na p, ch, g wala v. Hapo mwalimu anaeleza kwa nini washairi wa pwani, walioandika Kiswahili kwa herufi hizo tangu angalau 1728, wanasomeka kwa shida leo, na kwa nini baadhi ya wanazuoni waliongeza nukta na alama.

Kwenye kalenda kosa ni lile lile kila mara. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, mwalimu analijua hilo, kisha akitaka kugeuza tarehe anajumlisha 622 tu. Chukueni maandishi ya Kikufi (mtindo wa kale wa mwandiko wa Kiarabu) kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, ya mwaka 500 Hijria. Kwa kujumlisha tu unapata 1122. Kwa njia sahihi, zidisha 500 kwa 0.97 upate 485, kisha ongeza 622: 1107, ambao ndio mwaka wenyewe. Makosa ya miaka 15 kwenye ubao si madogo. Kanuni hii hukadiria, kwa hiyo inaweza kupungua au kuzidi mwaka mmoja. Kwa siku na mwezi tumia jedwali.

Ruwaza za jiometri hupendwa na walimu wa Hisabati, nao tunawakaribisha. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 6. Piga kipenyo, kisha panua bikari zaidi ya sentimita 6 na ukigawe kipenyo hicho kwa mstari wa pili unaokikata katikati. Una nukta nne. Gawa tena kila robo upate nane. Unganisha nukta kwa kuruka moja moja: miraba miwili iliyolaliana, nyota ya ncha nane. Ya ncha sita ni rahisi zaidi, unairudisha bikari kwenye sentimita 6 na kuipima kuzunguka duara mara sita. Isipofunga kwenye nukta ya kwanza, skrubu ya bikari imelegea au penseli ni butu. Kosa la milimita moja kila hatua linakuwa milimita sita mwishoni. Kila meza ipewe bikari mbili za chuma, zile za plastiki hazivumilii darasa zima. Na mwanafunzi akisema ncha sita ni “ya Wayahudi”, aelezwe kwamba umbo hilo, muhuri wa Suleiman, lilikuwa pia kwenye sarafu za shaba za Moroko za karne ya 19.

Siku ya tatu tumeipa utumwa nusu yake, na hapa nawaomba msome taratibu. Tumeona mielekeo miwili katika maandalio ya somo. Mmoja ni sentensi moja: “Waarabu waliwauza Waafrika.” Mwenye jina la Kiarabu dawati la tatu anageukiwa na darasa zima, wakati pengine bibi yake mzaa baba alikuwa Mnyasa. Mwelekeo wa pili ni kuruka mada, hasa pale ambapo wazazi ni wa jamii hiyo. Vyote viwili ni uzembe wa kitaaluma. Andalio letu la vipindi viwili, dakika 80, linamtaka mwanafunzi ajaze jedwali la maswali sita: nani alikamata, nani alisafirisha, nani alitoa mtaji, nani alinunua, watumwa walifanya kazi wapi, nani alipinga.

Jedwali likijazwa, “Waarabu” kama neno la jumla linakuwa halitoshi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa watumwa 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata wanunuzi wakubwa walikuwa wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, Waomani wengi wao. Mtaji wa misafara ulitoka kwa kiasi kikubwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar. Bara walikuwepo watawala wa Kiafrika waliokamata na kuuza, na waliopigana. Soko la Zanzibar lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Zanzibar mpaka 1897, tena masuria wakiachwa nje hadi 1909. Pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Kufunga soko na kumwachia huru mtu ni mambo mawili, na mitihani mingi huyachanganya.

Hakuna maigizo ya mnada. Hili tumeliandika kwa herufi kubwa kwenye kabrasha. Mwanafunzi anayewekwa juu ya meza “auzwe” hajifunzi historia, na wanaomchagua huwa wanamchagua kwa rangi.

Nusu iliyobaki ni ziara. Msikiti unaosaliwa unahitaji kibali cha imamu au kamati, barua ya wazazi, na muda ulio mbali na adhuhuri, hasa Ijumaa. Mwanafunzi Muislamu asifanywe kionyesho cha kuswali. Lakini kwa kweli magofu yanafaa zaidi kwa kujifunza sehemu za jengo, maana unaweza kupima na kuuliza bila kumsumbua mtu: Kaole, Tongoni, Gede, na kwa wenye nauli Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika 1331. Tafuteni kibla, kisima, na mahali pa kutawadha. Msiahidi mnara; misikiti mingi ya kale ya pwani haina. Futi kamba ya mita 30 na karatasi za mraba zinatosha. Ila piga simu kwa mhifadhi kabla, na ukienda Kilwa uliza habari za bahari na mashua kabla ya kulipia basi.

Picha za kuonyesha kwa projekta zikaguliwe moja moja nyumbani. Vitabu vya nje vina michoro ya kale ya Kiajemi yenye sura za mitume, na darasa likishaiona hakuna maelezo yatakayolirudisha kwenye somo.

Udhaifu wetu mkubwa ni ufuatiliaji. Tumekubaliana kutembelea darasa wiki sita baada ya semina, lakini walimu wakirudi shuleni hukuta azimio la kazi lililobanwa na andalio linabaki kwenye mkoba. Kamati imeamua cheti kisitolewe siku ya tatu. Kitatolewa baada ya mwezeshaji kuliona somo moja likifundishwa, au kupokea andalio lenye maoni ya mwalimu mwenyewe kuhusu kilichokwama. Najua uamuzi huu haujapendwa.

Kuhusu fedha: matumizi makubwa ni nauli na chakula, vifaa ni sehemu ndogo, na posho ya kukaa hatutoi. Makisio ya mwaka ujao yameongezwa fungu la kununua bikari na jedwali la Hijria kwa kila meza.

Wanaotaka kuwa wawezeshaji wawasilishe kwa katibu andalio moja la utumwa na moja la kalenda kabla ya likizo ya Juni. Andalio lenye sentensi “Waarabu waliwauza Waafrika” litarudishwa likiwa na jedwali tupu.

Mwenyekiti