Trauti si changu jamani
Mhariri, salamu kutoka Wete. Hawa vijana wetu wanaotaka kwenda kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwenye mito ya Mlima Kenya nawaambia mapema, yule si changu wetu wa baharini wa kumshushia ngisi na chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ukakaa ukingoja, maji yale baridi ni maangavu anakuona, na yeye hukaa kaelekeza kichwa mkondo unakotoka, basi mjie kwa nyuma, upande wa chini wa mto, taratibu, bila kishindo. Chambo ni nzi wa bandia wa manyoya, mtupe upande wa juu wa mto umwache ateremke na maji, usimvutevute. Kibali cha kuvua kwanza lakini! Kwa utamu mie nabaki na changu wangu wa nazi.

Mvuvi wa mshipi, Pemba