Acheni mashabiki wabashiri, ila msituuzie uvumi

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani ametuita wapiga ramli wasio na kazi, sisi tunaokesha tukibashiri msimu ujao wa tamthilia tunazozipenda. Anasema tunaua utamu: tukipatia, mwisho unakosa mshtuko, na tukikosea tunawanunia waliotunga hadithi. Mimi ni mstaafu, kwa hiyo hilo la kukosa kazi sibishani naye. Hayo mengine nayapinga.

Nilikuwa karani wa mahakama. Kazi ile ya kuandika maneno ya mashahidi humwachia mtu tabia moja mbaya nyumbani: hasikii jambo bila kuuliza limejulikanaje. Ndiyo maana tamthilia ya Severance imenikamata. (Asiyeitazama na anayekusudia kuitazama, tafadhali aruke aya mbili zinazofuata, na ile ya ubashiri wangu wa msimu wa tatu. Nitalirudia jambo hili la onyo.) Wafanyakazi wa kampuni iitwayo Lumon wametiwa kifaa ubongoni. Wakishuka kwa lifti kwenda kazini wanasahau maisha yao yote ya nje, wakitoka wanasahau yote ya kazini. Kila mmoja ana nafsi mbili zisizojuana. Hebu fikiria kuchukua maelezo ya watu wa namna hiyo!

Mwishoni mwa msimu wa kwanza nafsi za ndani zilifanikiwa kuzinduka nje kwa muda mfupi. Helly, mmoja wao, akagundua kwamba huko nje yeye ni Helena, binti wa mwenye kampuni. Msimu wa pili ukaanza tarehe 17 Januari 2025. Wenzake wakamuuliza alichokiona, naye akasema alijikuta kwenye nyumba ya kawaida tu, na alipotoka alikutana na mtunza bustani. Usiku! Mtunza bustani gani anafanya kazi usiku? Mashabiki wakagawanyika palepale. Wapo waliosema ni Helly yuleyule, anaficha nasaba yake kwa aibu. Wengine tukasema huyu si Helly hata kidogo, ni Helena aliyetumwa kupeleleza. Maelezo yote mawili yalilingana na uongo ule mmoja, na hapo ndipo palipokuwa na raha, kwa sababu tulilazimika kurudi kumtazama anavyokaa, anavyocheka, anavyowatazama wenzake. Katika sehemu ya nne, tarehe 7 Februari, mzee Irving, mwenzao wa kazini, akamkamata. Akamtumbukiza kichwa mtoni mpaka kampuni ikalazimika kumrudisha Helly halisi.

Je, sisi tuliokwisha kusema ni Helena tulipoteza nini? Mimi niliirudia sehemu ya kwanza usiku uleule, nikaikuta tamu kuliko mara ya kwanza. Mtu akikisia sawa, maana yake mwandishi alimtendea haki: aliweka ushahidi mezani, hakuuficha chini ya zulia. Waandishi wanapoogopa kubashiriwa ndipo wanapoharibu kazi yao.

Kama mwandishi wenu anataka mshtuko mtupu, ninao mfano wa zamani. Tamthilia ya Dallas ilimpiga risasi J.R., mhusika wake mkuu, tarehe 21 Machi 1980, na kwa sababu ya mgomo wa waigizaji, watazamaji wakasubiri mpaka tarehe 21 Novemba kumjua aliyempiga. Miezi minane ya kubishana. Wamarekani wapatao milioni 83 walitazama siku ya jibu, na aliyefyatua alikuwa Kristin, shemeji yake, mtu aliyekuwa mbele ya macho yetu akiwa na sababu zake. Kubashiri hakukumfukuza mtazamaji hata mmoja. Sasa twende 1986, tamthilia hiyohiyo. Bobby, mdogo wake J.R. aliyekufa mwaka mmoja nyuma, anakutwa bafuni akioga. Ikaja kuelezwa kwamba mkewe aliota, na msimu mzima uliopita ulikuwa ndoto. Hakuna aliyelikisia hilo, kwa kuwa hapakuwa na cha kukisia. Mshtuko ulikuwepo, nakubali. Hata aliyeibiwa hushtuka.

Tukubaliane pia kwamba kubashiri kunakuzwa na kusubiri. Kati ya msimu wa kwanza wa Severance na wa pili tulikaa kuanzia Aprili 2022 hadi Januari 2025. Katikati hapo ukaja mgomo wa waandishi wa Marekani, ulioanza tarehe 2 Mei 2023 ukaisha mwishoni mwa Septemba, na mgomo wa waigizaji uliofika Novemba. Mlitaka tukae kimya muda wote huo?

Basi na mimi nitoe ubashiri wangu wa msimu wa tatu, ambao ulitangazwa mara tu ule wa pili ulipokwisha Machi 2025. Mjukuu wangu anashikilia kwamba Helena ana mimba. Nilipomuuliza ushahidi uko wapi, alinitajia hema alimolala na Mark, mwenzake Helly wa kazini. Hema! Mimi macho yangu yako kwa Gemma, mke wa Mark. Dunia ilimdhani amekufa, kumbe kampuni ilimfungia chini na kumpitisha chumba baada ya chumba, na kila chumba kikimpa nafsi nyingine. Sasa yuko upande wa pili wa mlango, kwenye ngazi, na nafsi ya ndani ya mumewe imekataa kumfuata, imekimbia na Helly. Huyu ndiye shahidi mkuu dhidi ya Lumon. Lakini angalia shida yake: anawajua waliomfunga, anaijua njia na anaikumbuka milango, ila kilichofanyika ndani ya vyumba hakijui, maana aliyekuwa ndani ni nafsi nyingine. Anachokumbuka ni mkono kuuma baada ya chumba kimoja na fizi kuuma baada ya kingine. Mwili wake umebeba ushahidi ambao kichwa hakina. Hakimu atafanya nini na shahidi huyo? Nasema msimu wa tatu utamwangukia yeye, na mwenye hoja dhidi yangu aniletee jambo lililoonekana kwenye skrini.

Hapo ndipo ninapogombana na gazeti lenu, Mhariri. Mnatucheka sisi wenye hoja, halafu ukurasa huohuo unaandika kwa herufi kubwa "Imethibitishwa", na ndani hakuna kingine ila chanzo cha karibu na kauli ya mwigizaji. Chanzo cha karibu mahakamani tulikiita tetesi, na hakimu hakuturuhusu kukiandika. Mwigizaji naye si shahidi huru, amefungwa na mkataba wa kutunza siri. Jon Snow wa tamthilia ya Game of Thrones aliuawa kwenye sehemu ya mwisho ya msimu wa tano, Juni 2015, na mwigizaji wake, Kit Harington, akawa anawaambia wanahabari kwamba harudi tena. Mwaka uliofuata alifufuka kwenye msimu wa sita, na Harington akaomba radhi kwa kudanganya. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini wakati magazeti yalipokuwa yakibeba kauli yake, mashabiki walishasema siku nyingi kwamba mhusika ambaye mama yake bado hajatajwa hawezi kuondoka hivihivi. Walisoma hadithi, wakapatia kuliko waliomhoji mwenyewe.

Ninaomba mawili. Habari ya msimu ujao isiyo na tamko la watengenezaji iandikwe "uvumi" kwenye kichwa cha habari chenyewe, si kwenye mstari wa mwisho. La pili ni lile la onyo nililolitaja juu. Onyo la kwamba mwisho utafichuliwa likae kabla ya picha. Wiki iliyopita mliliweka chini yake, na picha ilikuwa ya mhusika akiwa ndani ya jeneza.

Karani mstaafu wa mahakama