Baiskeli mpya ikazwe spoku kabla ya kubeba gunia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba sisi mafundi baiskeli tunaijua sababu ya spoku kukatika ovyo, ila tunauchuna kwa kuwa ndizo zinazotupa ugali. La ugali ni kweli. Nina kijiwe hapa Ifakara, karibu na mashine za kukoboa mpunga, na mavuno yakianza sihitaji kutafuta wateja. Matairi ya nyuma yanakuja yenyewe, mengine yakiwa begani kwa wenyewe. La kuuchuna ndilo ninalolikataa. Tunasema kila siku, ila mteja akimsikia fundi anasema "hii ikazwe kwanza", anajua anatafutiwa hela.

Sasa nalisema gazetini, pengine litaaminika. Baiskeli mpya, hata ile ambayo bado ina nailoni kwenye fremu, isipakiwe gunia kabla spoku zake hazijakazwa upya, matairi yote mawili, na hasa la nyuma.

Baiskeli hizi hufika dukani zikiwa vipande ndani ya boksi. Kijana wa duka anafunga usukani, pedeli na siti, anajaza upepo, anazungusha tairi hewani. Likizunguka bila kugusa foku, kazi imekwisha, baiskeli inatolewa barazani kusubiri mnunuzi. Hapo hakuna aliyeshika spoku hata moja. Na rimu inaweza kuwa imenyooka vizuri kabisa huku spoku zake zote zimelegea sawasawa. Wateja wengi wanaangalia kunyooka tu, na kusema kweli hata mafundi wengine.

Kupima hakuhitaji ufundi. Bana kwa vidole spoku mbili zinazopishana, kisha sogea kwenye jozi inayofuata mpaka umalize duara. Zikikubali kubonyea kama kamba ya kuanikia nguo, hiyo baiskeli bado haijawa ya kazi. Halafu chukua spana uzigonge moja moja. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Usishtuke ukisikia upande mmoja wa tairi la nyuma unalia juu kuliko mwingine: upande wa friwili, yaani meno ya nyuma yanayovutwa na cheni, ile sahani ya habu (kitovu cha tairi) yenye matundu ya spoku imesogezwa ndani ili friwili ipate nafasi, kwa hiyo spoku za upande huo huvutwa zaidi. Unachotafuta ni za upande mmoja zilie karibu sawa.

Watu wanadhani spoku inakatika kwa sababu mzigo umeizidi nguvu. Ni mara chache. Uzito ukikaa kwenye keria, spoku zinazofika chini ya habu hupungukiwa mvuto wake kidogo, na zikipanda juu mvuto unarudi. Hivyo ndivyo kila tairi linapozunguka. Tairi la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na ushee, kwa hiyo katika kilomita moja kuna mizunguko kama 450, na mtu akienda kilomita 20 na mpunga wake ni mizunguko kama 9,000. Spoku iliyokazwa inapunguziwa na kuongezewa mvuto bila kulegea. Iliyolegea inaachia kabisa, inashtuliwa, inaachia tena, na kila mara inajikunja kidogo pale kwenye kiwiko inapotokea kwenye habu. Ukikunja na kukunjua waya pale pale, mwishowe unakatika bila koleo. Ndiyo maana spoku nyingi ninazozitoa zimekatikia kiwikoni, si katikati, na mwenye nayo anaapa kwamba siku hiyo alikuwa anaendesha mtupu. Ni kweli alikuwa mtupu. Mzigo wa wiki iliyopita ndio ulioichosha.

Kuna kata moja ya huku ilipokea baiskeli za wahudumu wa afya wa kujitolea. Waliozitoa sitawataja, nia yao ilikuwa njema. Zilikuwa nzuri, za gia, rimu za alumini, spoku 36 kila tairi. Zikagawiwa kwa hotuba na picha. Masika hayajaisha, nyingi zimeegemezwa ukutani, tairi la nyuma limepinda nane. Nilizifungua kadhaa. Hazikuwa baiskeli mbovu, zilikuwa hazijakazwa tangu ziletwe. Saa moja ya fundi kwa kila baiskeli ingeziokoa, lakini fedha za fulana zilikuwepo, za fundi hazikuwepo.

Kuhusu kuchagua, mtu akiniuliza anunue ipi kwa ajili ya mzigo, mimi huanza kuhesabu matundu ya rimu ya nyuma. Baiskeli za zamani za Kiingereza zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, na za Kihindi zikaiga hesabu hiyohiyo, kwa sababu nyuma ndiko anakokaa abiria na gunia. Wa rika langu mtaikumbuka pia Swala, iliyoundwa hapahapa nchini. Siku hizi nyingi zinakuja na 36 mbele na 36 nyuma, nazo zinatosha spoku zikiwa nene. Unene unakwenda kwa namba, na namba ikishuka spoku inanenepa: namba 14 ni milimita 2, namba 13 ni milimita 2.3, namba 12 ni milimita 2.6. Kwa mpunga na mkaa mimi nyuma naweka 13, au 12 kama matundu ya habu yanaipokea yenyewe. Nimeona watu wanachokonoa tundu kwa msumari ili spoku nene ipite. Sahani ya habu ikishadhoofika hapo inapasuka, na habu ikipasuka unasuka tairi upya lote. Na spoku nene iliyolegea nisingeipokea hata bure.

Rimu ya chuma au ya alumini? Kwa breki, alumini, hasa mvua ikinyesha. Rimu ya kromu ikilowa breki zinateleza tu. Kwa mashimo ya barabara zetu, chuma, kwa sababu kikibonyea nakirudisha kwa nyundo, wakati alumini hupasuka kwenye matundu. Rimu ya alumini yenye kuta mbili ni imara, ila hakikisha ni kuta mbili kweli: toa mpira wa tairi uangalie kama kichwa cha nipeli, ile nati ndogo inayokaza spoku kwenye rimu, kimezama ndani ya tundu la pili. Tairi la inchi 26 ni gumu kuliko la 28 kwa spoku zilezile, maana spoku zake ni fupi. Hata hivyo anayepita kwenye makorongo anapenda 28, na simlaumu.

Sasa gia. Vijana wanazipenda, na mlimani zina raha yake, lakini kwa gunia kuna jambo la kujua. Friwili yenye meno ya tabaka sita au saba ni pana, kwa hiyo gololi za upande wa kulia zinabaki ndani sana, na kipande kirefu cha ekseli kinatokeza nje kikibeba uzito peke yake. Hapo ndipo kinapokatikia. Kampuni ya Shimano ya Japani ililitatua hilo mwaka 1978 kwa habu ambayo gololi zake za kulia zimesogezwa nje karibu na fremu, ila kwenye baiskeli za bei yetu habu za namna hiyo ni za kubahatisha. Friwili ya jino moja ni nyembamba na ekseli haiteseki hivyo. Kwa mpunga, jino moja.

Habu yenyewe haina makuu ikitunzwa. Shika rimu kwa juu, itikise kushoto na kulia. Ikicheza, koni (zile nati za ekseli zinazobana gololi) zimelegea, kaza kabla ya safari, maana koni inayocheza inajichimba vishimo na kuzila gololi. Halafu zungusha ekseli kwa vidole. Ukihisi kama kuna mchanga ndani, upo kweli. Fungua, osha kwa mafuta ya taa, kausha, weka grisi mpya. Nyuma huingia gololi za robo inchi, 9 kila upande. Mbele ni ndogo zaidi, za 3/16, 10 kila upande. Zikibadilishwa zibadilishwe zote. Hapa nawasema wenzangu: fundi anayechanganya gololi tatu mpya na sita zilizolika anamwibia mteja, kwa sababu zile mpya ni kubwa kidogo na ndizo zitakazobeba uzito wote mpaka zivunjike. Koni yenye vishimo haina dawa, itupwe. Na ukimaliza kufunga, acha nafasi ndogo mno, ya kuhisiwa tu kabla nati za nje hazijakazwa. Ukizikaza zitaila nafasi hiyo.

Oili chafu ya pikipiki si grisi. Inavuja mpaka kwenye rimu, breki zinakufa, na vumbi la huku likishaonja oili halitoki. Baiskeli nyingine za zamani zina tundu la oili juu ya habu, na kifuniko chake cha springi. Hapo tia oili safi, matone machache, na kifuniko kikipotea funga kipande cha tyubu kuzuia maji. Baiskeli ikishavuka maji yaliyozamisha habu, usingoje msimu uishe kuifungua. Mwaka ambao mto Lumemo unamwagika mjini, nazijua baiskeli zilizolala majini kwa mlio tu kabla mwenyewe hajafika kijiweni.

Nirudi kwa wenzangu mara moja tena. Spoku ikikatika upande wa friwili, friwili lazima itoke ndipo mpya ipite kwenye tundu. Fundi asiye na funguo ya friwili anafanya moja kati ya mawili: anaigonga kwa tindo na nyundo mpaka meno yake yanaharibika, au anakata kichwa cha spoku, anaikunja kama ndoano na kuitundika tunduni. Hiyo ndoano ni ya kukufikisha nyumbani, siyo ya kukabidhi kwa mteja na kulipwa. Mteja, uliza. Una haki ya kuona spoku iliyowekwa.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache yanayowezekana. Wenye maduka, kaza spoku kabla ya kuuza, na gharama iingie kwenye bei, hakuna atakayekimbia kwa hiyo. Pakiti za spoku ziandikwe namba na urefu. "Spoku za ishirini na nane" si kipimo, maana habu kubwa na habu ndogo hazitumii urefu mmoja kwenye rimu ileile. Wanaosimamia ubora wa bidhaa wapime spoku na ekseli, wasiishie kwenye rangi na breki. Na wenye miradi ya baiskeli za wahudumu au wanafunzi, nawaomba waandike kwenye mkataba wa ununuzi kwamba kila baiskeli itapita kwa fundi mara mbili: kabla ya kugawiwa, na tena baada ya wiki chache za kazi, kwa sababu spoku mpya hujilaza kwenye habu na kulegea kidogo hata kama zilikazwa vizuri. Humohumo waongeze spoku za akiba za pande zote mbili, spana yake, na funguo moja ya friwili kwa kila kijiji.

Fundi baiskeli,
Ifakara, Morogoro