Mkaa wa pipa si mkaa wa betri

Ndugu Mhariri,

Jirani yangu hapa Pangani alijaza magunia sita ya mkaa wa vifuu, aliouchoma kwenye pipa, akisubiri mnunuzi. Kwenye mkutano wa wakulima wa minazi aliambiwa mkaa huo sasa unatafutwa kwa ajili ya betri. Mnunuzi alikuja, akasugua kipande kwa kidole, akatazama jivu, akaaga. Magunia matatu yameishia kwenye pasi za mafundi cherehani.

Sisemi alitapeliwa. Jambo lenyewe lipo. Betri ya simu, ambayo ni ya lithiamu, upande wa hasi ina grafiti, madini tuliyo nayo Mahenge na Ruangwa. Lakini zipo betri za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya kupikia, zisizohitaji lithiamu. Sodiamu haitulii vizuri ndani ya grafiti, ambayo tabaka zake zimepangana kama makuti yaliyoezekwa na fundi. Yenyewe inataka kaboni ngumu, mfano wa makuti yaliyopigwa na kusi: yamevurugika, yana vijishimo vya kujibanza. Kaboni hiyo huweza kutengenezwa kwa mimea. Mwaka 2000 Stevens na Dahn, watafiti wa Kanada, walionyesha kuwa hata glukosi, aina ya sukari, ikichomwa ipasavyo huhifadhi karibu miliampea-saa 300 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) kwa gramu. Grafiti kwenye lithiamu upeo wake ni 372. Kule Ufini kampuni ya Stora Enso ilijenga kiwanda cha majaribio cha kutengeneza kaboni ya betri kutokana na lignini, mabaki ya miti inayotengenezewa karatasi.

Sasa hilo "ikichomwa ipasavyo" ndilo hakuna aliyemweleza jirani yangu. Kaboni ngumu hutaka tanuri lisiloingiza hewa na joto la nyuzi zaidi ya 1,000, mara nyingi 1,200 hadi 1,400. Pipa lililotobolewa kwa msumari halifiki huko, na hewa ikipenya unabaki na jivu. Halafu kuna potasiamu na silika ambazo mmea umezifyonza ardhini: huoshwa kwa asidi. Kisha kusaga, poda laini kuliko unga wa sembe. Mchanga uliozolewa na vifuu pale uani hauna nafasi humo. Na kilo tatu za vifuu vikavu hazitoi hata kilo moja ya mkaa, kwa hiyo hesabu ya faida aliyopigiwa mkutanoni, kilo kwa kilo, ilikuwa mbovu tangu mwanzo. (Hiyo hata mimi wa darasa la saba niliiona.)

Ombi langu ni dogo. Anayeitisha mkutano wa wakulima kuhusu mkaa wa betri aje na kiwango cha jivu kinachokubalika, bei iliyoandikwa, na jina la atakayepima. Kama hana, atuachie vifuu vyetu tupikie. Nanyi wa gazeti, mkipata habari ya namna hii, muulizeni hayo matatu kabla hamjaichapa.

Magunia matatu mengine bado yako barazani kwa jirani. Mvua imeanza.

Mkulima wa minazi,
Pangani, Tanga