Shangazi, utazame tena ukuta wa yule binti

Shikamoo shangazi,

Siku ile nilipokuonyesha kwenye simu picha ya binti aliyeketi kitandani, ulisema, "Huyu kaachwa," ukanirudishia simu ukaendelea kuchagua mchele. Nilinyamaza, ila neno lako limenikaa moyoni. Nakuandikia hadharani kwa sababu wengi tunaipita picha ile vivyo hivyo.

Aliichora Gerolamo Induno mwaka 1862, na leo iko Milan, katika jumba la sanaa la Brera. Inaitwa Triste presentimento, yaani moyo kuhisi baya kabla halijafika. Binti yumo ndani ya nguo ya kulalia, kitanda hakijatandikwa, mkononi ana kijipicha cha mpenzi wake. Mpaka hapo nakubaliana nawe, ni mapenzi.

Sasa mwache binti, utazame ukuta. Kwenye shubaka kuna sanamu ndogo ya Garibaldi, jemadari aliyepigania Italia iwe nchi moja; ni kichwa na mabega tu. Pembeni imetundikwa nakala ya Il bacio, picha ya Francesco Hayez ya mwaka 1859: kijana anambusu msichana huku mguu mmoja keshauweka kwenye ngazi, mtu wa kuondoka. Kavaa nyekundu miguuni, ndani ya joho inachungulia kijani, na gauni la msichana ni la buluu. Wengi wamezisoma humo rangi za bendera ya Italia na ya Ufaransa, washirika wa vita vya 1859 dhidi ya Austria. Binti hakuachwa, shangazi. Mwenzake kaenda vitani.

Wewe mambo haya unayajua kuliko mimi. Ile picha ya Mwalimu sebuleni kwako hujawahi kumweleza mgeni kwa nini ipo. Anaingia, anainua macho, anajua yuko kwa mtu wa namna gani.

Induno vita hakusimuliwa. Mwaka 1849 alipigana Roma upande wa Garibaldi akajeruhiwa vibaya. Mizinga na maiti alikwisha kuviona kwa macho yake, na bado hapa akachagua chumba cha msichana na shubaka lake. Kwangu hapo ndipo alipokuwa jasiri zaidi.

Na hofu ya binti ilikuwa na sababu. Ufalme wa Italia ulishatangazwa Machi 1861, lakini Venice ilibaki kwa Austria hadi 1866, na Roma kwa Papa hadi 1870, kwa hiyo vijana waliendelea kuondoka majumbani. Agosti 1862, mwaka uleule wa picha, Garibaldi alikuwa akielekea Roma na watu wake wa kujitolea. Kule Aspromonte akapigwa risasi mguuni, na waliofyatua ni askari wa Italia ileile aliyoipigania.

Idi nitakuja na nakala kubwa, iliyochapwa vizuri. Uvae miwani, uanzie kwenye shubaka, halafu ndipo umtazame usoni.