Sisimizi wa mtini sio wote maadui

Mhariri, naomba nafasi. Makala yenu ya kilimo imesema ukiona sisimizi wanapanda na kushuka mtini ujue mti unaliwa, mwaga dawa. Imeniuma kweli, maana spishi za sisimizi zinazojulikana zinapita 14,000 na nyie mmezitia zote kapu moja, tena picha mliyoweka ni ya mchwa, ambao hata sio sisimizi, mchwa ni ukoo mmoja na mende.

Chukueni mgunga wa nundu, ule unaopiga mluzi upepo ukivuma. Baadhi ya miiba yake inavimba shinani inakuwa kama vipira vitupu ndani, sisimizi wanatoboa kijitundu wanahamia na mayai yao, na kwenye majani mti unawatolea majimaji matamu wanakunywa. Wao wanaulinda, tembo akija kuvunja tawi wanamng'ata mpaka ndani ya mkonga, na tembo hapendi kabisa hiyo kitu.

Ila sasa hapo ndo pa kusoma vizuri, kwenye mgunga huohuo kule Laikipia, Kenya, kuna aina nne zinazogombania miti na kwa kawaida mti unakaliwa na aina moja tu. Mmoja ni mlinzi mkali. Mwingine anakata machipukizi mpaka mti hauzai, mwingine anaharibu vile vitundu vya kwenye majani vinavyotoa utamu, na wa nne wala hakai kwenye nundu, anakaa kwenye mashimo yaliyochimbwa na mabuu ya mbawakawa kwa hiyo mbawakawa akija kutoboa mti yeye kwake ni faida. Wataalamu walizungushia uzio tangu 1995 tembo na twiga wasifike, mtu angedhani miti itanawiri, kumbe ikapunguza utamu na nundu, walinzi wakadhoofika, huyu wa mashimo akateka miti mingi, na utafiti uliotoka 2008 ukaonyesha miti yake inakua taratibu na inakufa zaidi.

Halafu kuna sisimizi wanaoitwa maji moto, hawa nimewakodolea macho nusu saa nzima. Wanajipanga ukingoni mwa jani, mmoja anamshika mwenzake kiuno mpaka wanakuwa mnyororo, wanavuta majani mawili yakutane, afu anakuja mwingine kabeba buu lao wenyewe mdomoni, analigusisha jani hili, analigusisha lile, buu linatoa uzi wa hariri na kiota kinashonwa. Haohao ndo wanaofukuza kunguni wa minazi anayefyonza nazi changa mpaka zinadondoka, mkulima akiwaua kamwondoa askari wake mwenyewe.

Sikatai, wapo wanaofuga vidukari, vile vidudu vinavyofyonza mmea, ili walambe utamu wao na hapo mmea unaumia. Basi mwambieni msomaji afuate ule mstari kwanza aone unaishia wapi, kwenye vidukari au kwenye kiota, ndo aamue. Na ile picha ya mchwa naomba muirekebishe toleo lijalo.

Msomaji wenu